Mnara, kesi nyembamba au kijisanduku: ipi inafunguka nyumbani bila kuharibika?

Ukiingia duka la kompyuta zilizotumika, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakutajia mambo matatu: kizazi cha prosesa (chipu kuu ya kompyuta), RAM (kumbukumbu ya muda) na ukubwa wa diski. Umbo la kesi atalitaja tu kama "ile kubwa" na "ile ndogo", kana kwamba ni suala la nafasi mezani. Lakini kwa anayekusudia kuifungua mwenyewe, apulize vumbi, aongeze RAM, aweke SSD (diski isiyo na kinachozunguka) au abadili betri ndogo ya saa ya ndani, umbo ndilo linaloamua kama kazi itaisha kwa robo saa au itaishia kwa fundi.

Kifuniko chenyewe hakijamshinda mtu. Kesi nyingi za ofisini hufunguka kwa sekunde kumi. Tofauti iko katikati, baina ya kifuniko na kile unachokifuata: nyaya ngapi utazichomoa, vizimba vingapi (fremu za bati zinazoshika diski au DVD) utavikunja, na mkono wako unaingia au hauingii. Hapa tunalinganisha maumbo manne kwa kigezo hicho. Wengi tumezoea kuliita kasha zima "CPU". Hapa kasha ni kesi, na CPU ni prosesa.

Mnara wa ofisini

Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 katika umbo lake la mnara: kimo sentimita 36, upana sentimita 17.5, kina karibu sentimita 42. Haihitaji bisibisi kuifungua. Unailaza ubavuni, unavuta kishikizo cha kifuniko, unainua ubao wa pembeni kama unafungua kitabu hadi nyuzi 45, kisha unautoa.

Ndani unaona kila kitu kwa mara moja. Nafasi nne za RAM ziko wazi na vidole viwili vinaingia kila upande. Diski imeshikwa na fremu ya plastiki inayobinywa na kuvutwa, bila skrubu. Betri ya CR2032 ya volti 3 unaiona bila kuondoa chochote. Kwa mtu ambaye hajawahi kufungua kompyuta, huu ndio umbo la kujifunzia: ukikosea, unaona umekosea wapi.

Udhaifu wake ni mmoja, nao hauhusu kufungua. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi, ni ya wati 275, haina plagi ya ziada ya kadi ya video, kwa hiyo kadi utakayoweka ni ile inayoridhika na wati 75 za kwenye nafasi yake. Wala usidhani minara yote ya Dell ni sawa. 7010 bado inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), lakini 3020, 7020 na 9020 zilizofuata zilihamia plagi ya pini 8 ya Dell yenyewe. Pawasaplai ikifa kwenye hizo, ile ya kawaida ya dukani haiingii bila adapta.

Kesi nyembamba

Hizi ndizo zilizojaa madukani, na ndizo zinazowaponza wengi. Kwa nje zinavutia: OptiPlex 7010 nyembamba ina kimo cha sentimita 29 na unene wa sentimita 9.3 tu, na kifuniko kinafunguka kirahisi kama cha mnara. HP Compaq Elite 8300 nyembamba, ya mwaka uleule, ni rahisi zaidi: unainua mpini wa kifuniko na kifuniko kinatoka.

Kazi inaanza hapo. Kwenye hiyo 8300, RAM iko chini ya kizimba cha DVD. Lazima ukiinue kizimba kisimame wima ndipo uzione nafasi zake. Diski kuu nayo iko chini ya pawasaplai, na pawasaplai yenyewe imefungwa kwa bawaba ili iinuliwe. Ni ubunifu mzuri, maana huhitaji kufungua skrubu, lakini una mitego mitatu.

Wa kwanza ni nyaya. Unapoirudisha pawasaplai chini, waya wa SATA (unaounganisha diski na mazabodi) au wa umeme unaweza kubanwa kati ya bati na bati. Husikii chochote. Kompyuta itawaka, itafanya kazi wiki mbili, kisha itaanza kuipoteza diski mara ionekane mara isionekane, na utalaumu SSD mpya. Kabla ya kushusha, peleka nyaya zote upande mmoja kwa kidole, shusha polepole, na ukisikia ukinzani wa mpira badala ya mlio wa bati kuingia mahali pake, inua tena.

Wa pili ni nguvu ya kusukuma RAM. Kwenye nafasi finyu watu husukuma upande mmoja tu, kile kinachofikika. RAM inaingia nusu. Kwenye kompyuta za HP za kizazi hicho taa ya kuwashia itawaka na kuzima kwa rangi nyekundu mara tano, itatulia sekunde mbili, na kurudia. Hiyo ni RAM, wala mazabodi haijaungua. Toa, hakikisha pengo dogo la chini ya RAM limelingana na kinundu cha nafasi, kisha sukuma ncha zote mbili hadi vibanio vijifunge vyenyewe. Usivifunge kwa kidole.

Wa tatu ni skrubu za diski. HP hutumia skrubu nne maalumu za pembeni zinazoteleza kwenye mfereji. Ukizitupa pamoja na diski mbovu, diski mpya haina mahali pa kushika. SSD ya inchi 2.5 inahitaji pia fremu ya kuifikisha inchi 3.5. Wapo wanaoiacha SSD ikining'inia kwa waya wake. Haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo mtikisiko hauiui, lakini plagi ya SATA ni plastiki nyembamba na ndiyo itakayovunjika siku kesi inahamishwa.

Kadi ya video hapa ni fupi tu, ile ya nusu kimo. Muuzaji akikuambia "kadi yoyote inaingia", mwambie aiingize mbele yako.

Kijisanduku

Lenovo huziita Tiny, Dell huziita Micro. ThinkCentre Tiny ina upana wa sentimita 17.9, kina cha 18.3 na unene wa karibu 3.5, yaani kitu cha kukaa kiganjani. Kwa M710q, iliyotoka 2017, kuna skrubu moja nyuma. Unaifungua, unasukuma kifuniko cha juu kuelekea mbele, kinatoka. Juu kuna feni na diski ya inchi 2.5. Kisha unateleza kifuniko cha chini, na huko ndiko iliko RAM na nafasi ya M.2, yaani ya SSD ndogo yenye umbo la kadi. Wengi hufungua upande mmoja, wasione RAM, wakadhani imegandishwa kwenye mazabodi.

Kwa usalama wa mtu, hakuna umbo linaloshinda hili. Pawasaplai iko nje, ni ile adapta ya waya kama ya laptop, na kinachoingia kwenye kesi ni volti 20 kwa Lenovo au 19.5 kwa Dell. Ukichomoa adapta, hakuna kitu chenye umeme wa ukutani ndani ya sanduku. Mzazi anayetaka kumfundisha kijana wa miaka 12 aanze na hili.

Kwa usalama wa kompyuta, hesabu inageuka. Skrubu ya M.2 ni ndogo kama punje ya mtama na inahitaji bisibisi ndogo ya nyota, namba 1 au 0. Ukiilazimisha kwa bisibisi kubwa, kichwa chake kinalika na SSD inabaki hapo. Nyaya za Wi-Fi ni nyembamba kama uzi, na vibonyezo vyake (plagi ndogo za kubonyeza) vimetengenezwa kuchomolewa mara chache tu, si kila wiki. Usivivute kwa waya. Viinue kwa kucha, wima. RAM ni ya laptop: inaingia kwa mshazari wa nyuzi kama 30, kisha inalazwa hadi vibanio vya pembeni vilie. Ukinunua ya mnara, haitaingia kabisa. Zingatia pia volti: OptiPlex 9020 Micro inataka RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35, wakati duka linaweza kukupa DDR3 ya volti 1.5 yenye umbo lilelile.

Na feni. Feni ya kijisanduku ni ndogo, inazunguka kwa kasi, na vumbi kidogo tu linaipandisha sauti. Mnara unaweza kustahimili mwaka mzima kando ya barabara ya vumbi. Kijisanduku kitalalamika mapema zaidi.

Mnara wa kuunga

Huu ni ule uliojengwa kwa vipande vya kawaida, wenye taa na mara nyingi kioo pembeni. Skrubu mbili za kukaza kwa mkono ziko nyuma, upande wa kushoto ukiitazama kesi kwa mbele. Unazilegeza, unavuta ubao kurudi nyuma sentimita mbili, unautoa. Nafasi ya ndani ni kubwa kuliko ya umbo lolote, na kila kipande kinabadilishika.

Lakini nyumba zetu nyingi zina sakafu ya vigae, na hapo ndipo kioo cha kesi kinapokufa. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hustahimili kugongwa katikati, lakini kona yake ikigusa kigae, hata kwa kuwekwa taratibu, kinaweza kupasuka chote kwa mara moja na kuwa chembe. Kigae ni kigumu kuliko kioo. Alama ndogo ya ukingoni inatosha. Weka khanga iliyokunjwa mara nne au godoro kabla hujagusa skrubu, na kioo kilaze, usikisimamishe ukutani. Kesi nyingine kioo chake hakina kitako cha kukishikilia: ukitoa skrubu ya nne, kinaanguka. Ilaze kesi ubavuni kwanza.

Kesi za bei ya chini za bati jembamba zina tatizo lao: kingo zinakata kama kopo la maziwa lililofunguliwa. Vaa glavu nyepesi au usiingize mkono haraka.

Jambo la skrubu lisikupite. Kesi, pawasaplai na diski za inchi 3.5 hutumia skrubu za nyuzi nene. SSD za inchi 2.5 na DVD hutumia nyembamba za M3. Ya nene ikilazimishwa kwenye tundu la SSD inakula nyuzi, na haitakaza tena. Skrubu za kila sehemu ziweke kwenye kifuniko chake cha chupa.

| | Mnara wa ofisini | Nyembamba | Kijisanduku | Wa kuunga |
|---|---|---|---|---|
| Kifaa cha kufungulia | Mkono | Mkono | Bisibisi au mkono, skrubu 1 | Mkono, au bisibisi kwa kioo |
| Kufikia RAM | Moja kwa moja | Mara nyingi chini ya kizimba | Huenda iko upande wa chini | Moja kwa moja |
| Umeme wa ukutani ndani | Ndiyo | Ndiyo | Hapana | Ndiyo |
| Kinachovunjika zaidi | Plagi za nyaya za mbele | Nyaya za SATA | Vibonyezo vya Wi-Fi, skrubu ya M.2 | Kioo |
| Kadi ya video | Hadi wati 75 | Nusu kimo | Kwa kawaida hakuna nafasi | Kubwa |

Kukata umeme: swichi au kuchomoa?

Miongozo mingine husema uzime swichi ya ukutani na uache plagi ndani, ili bati la kesi liendelee kushikana na waya wa ethi (wa ardhini). Kinadharia ni sawa. Soketi zetu za pini tatu bapa hukata waya wa moto tu, na ethi inabaki. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inategemea fundi aliyeunga soketi. Nyumba ambayo ethi haijafika ardhini, au waya wa moto na wa baridi vimebadilishana, swichi ikizimwa bado kesi ina njia ya umeme. Kwa nyumbani, chomoa. Hasara ya kukosa ethi ni ndogo kuliko hatari hiyo.

Kuna la UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Ukizima ukutani na kompyuta imechomekwa kwenye UPS, hujazima kitu: betri inaendelea kulisha volti 230, italia tu. Chomoa waya nyuma ya kesi yenyewe, ndipo huna shaka.

Halafu chomoa skrini, spika na waya wa intaneti, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Feni huenda ikacheza kidogo. Ni mabaki ya chaji yanaisha. Sababu ya hatua hii ni kwamba kompyuta iliyozimwa lakini imechomekwa bado ina volti 5 za kusubiri kwenye mazabodi. Ukiingiza RAM wakati huo, unaweza kuiunguza bila kuona cheche. Kama kuna taa ndogo ya kijani kwenye mazabodi, subiri izime. Kama ilikuwa inafanya kazi, ipe dakika 10 kipoza joto kipoe.

Pawasaplai usiifungue, katika umbo lolote. Kapasita zake kubwa hushika mamia ya volti, na kitufe cha kuwashia si dhamana kwamba zimeisha. Ikiwa ina swichi ndogo nyekundu ya 115/230, kama zilivyo baadhi ya zile za zamani, hakikisha inasoma 230 kabla ya kurudisha waya. Ikiwa kwenye 115 hapa kwetu, italipuka siku ya kwanza.

Umeme tuli: mkanda au kugusa bati?

Mkanda wa mkononi una rezista ya megaomu 1 ndani yake, na unafungwa kwenye bati lisilopakwa rangi la kesi. Ni mzuri, si lazima. Kugusa bati la pawasaplai kabla ya kushika kila kipande kunatosha kwa kazi ya nusu saa, mradi usitembee huku na huku katikati. Pwani, ambako hewa ina unyevu, chaji haikai mwilini sana. Dodoma wakati wa kiangazi, au chumba chenye zulia na kiyoyozi, ni habari nyingine: mwili hauhisi chaji iliyo chini ya volti 3,000 hivi, lakini chipu inaweza kuumia kwa chini ya hapo mbali sana. Kutosikia shoti hakumaanishi haikuwepo. Kwa kijisanduku, ambacho pawasaplai yake iko nje na huna bati lake la kugusa, mkanda una maana zaidi. Vua sweta la nailoni, fanya kazi kwenye meza ya mbao, na mfuko wa kung'aa wa RAM usiufanye kitambaa cha kuwekea kompyuta ikiwa imewashwa. Upande wake wa nje unapitisha umeme.

Vumbi: blowa, brashi au kompresa ya gereji?

Blowa ya umeme ya mkononi inashinda kwa minara, ukiwa nje ya nyumba na kesi imesimama upande upepo unakoelekea. Shika feni kwa kidole au kijiti kabla ya kupuliza. Feni ikizungushwa na upepo kupita kasi yake, bearingi zake zinaumia, na inazalisha umeme kurudi kwenye mazabodi. Kwa kijisanduku, blowa ina nguvu kupita kiasi. Tumia brashi laini ya rangi na kopo la hewa, likiwa wima. Ukiliinamisha, linatoa kimiminika cha baridi kali.

Kompresa ya gereji ya pancha iache kabisa. Tangi lake lina maji na mafuta, na matone hayo yanakaa chini ya chipu usipoweza kuyafuta. Bomba la kufyonza vumbi la nyumbani nalo, ncha yake ya plastiki inajaza umeme tuli hewa inapopita, usiigusishe mazabodi.

Uchukue ipi

Ni mara yako ya kwanza, na unataka mashine ya familia ya kuongezea RAM na SSD: mnara wa ofisini, hata kama muuzaji anakusukumia ile nyembamba kwa bei pungufu. Tofauti ya bei utairudisha siku ya kwanza usiyokwenda kwa fundi.

Una meza finyu, unatumia ofisi na intaneti tu, na hutaifungua zaidi ya mara mbili kwa mwaka: kijisanduku, mradi ununue RAM na SSD sahihi kabla ya kukifungua, ukifungue mara moja ufanye vyote. Kesi nyembamba inamfaa aliyekwisha kufungua nyingine na ana subira ya nyaya. Mnara wa kuunga ni wa mchezaji wa gemu na mhariri wa video. Kama huna sababu ya kadi kubwa, unalipia nafasi tupu.

Vyovyote utakavyochagua, mwambie muuzaji aifungue hapohapo kaunta kabla hujalipa. Angalia kama skrubu za diski zipo zote, kama feni imechomekwa, kama hakuna plagi iliyovunjika kishikizo. Kisha aiwashe. Kwenye Dell ikitokea "Alert! Cover was previously removed", ni kihisi cha kifuniko tu, kinafutwa kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows), sehemu ya usalama. Ila kama BIOS inadai nenosiri la ofisi iliyoiuza na muuzaji hana, rudisha mashine hiyo kwenye rafu.